Nakusikia, hunisikii: poti, pakiti na simu kati ya Nachingwea na Ruangwa

Kuna simu ambayo ukiipokea unajua kabisa tatizo siyo salio. Inaita vizuri, unapokea, unasema haloo, upande wa pili kimya. Unakata. Dakika moja baadaye mwenzako anakupigia kwa simu yake ya mkononi, na ana hasira: "Mimi naongea, wewe ndiyo kwanza unasema haloo haloo, kwani una nini?"

Nilikaa siku nne Nachingwea nikipambana na simu za namna hiyo. Mwenye biashara ni mama mmoja anayeuza pembejeo. Duka lake liko Nachingwea mjini, ghala liko Ruangwa. Bidhaa yake kubwa ni salfa ya mikorosho, ule unga wa kupuliza kuzuia ubwiriunga, na ubwiriunga haumsubiri mtu. Maua yakishashikwa, salfa ya wiki mbili zijazo haina maana kwa mkulima. Mteja analipa dukani, anaenda kuchukua mzigo ghalani, na katikati ya malipo na mzigo kuna simu moja tu ya dakika moja.

Mama alitaka mambo matatu: simu za mezani zenye namba fupi (101 duka, 201 ghala), zisimle hela kila zinapopigwa, na mazungumzo yote yarekodiwe. Hilo la tatu lilikuwa na sababu. Kulikuwa na ugomvi wa mifuko sitini iliyolipiwa na mifuko sita iliyotolewa, na kila upande ulikuwa unaapa. Nikamwambia, "Mama, hilo linawezekana." Nikachukua kompyuta ndogo iliyotumika, nikaweka Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999 ambayo inaigeuza kompyuta kuwa seva ya simu za ofisi. Duka lilikuwa na intaneti ya laini ya kudumu yenye anwani yake ya wazi. Ghala lilikuwa na ruta ya 4G.

Simu zikaita siku ileile, tukashangilia. Kisha duka likawa linamsikia mtunza ghala vizuri kabisa, na mtunza ghala hasikii kitu.

Simu moja, mazungumzo mawili

Ili uelewe kilichotokea, anza na poti. Anwani ya IP inaitambulisha kompyuta kwenye mtandao, kama namba ya nyumba. Lakini ndani ya nyumba kuna wapangaji wengi: programu ya barua pepe, tovuti, simu, na kadhalika. Poti ni namba ya mlango wa chumba. Namba hiyo ina biti 16, kwa hiyo inaanzia 0 na kuishia 65535. Baadhi ya milango ina wenyeji wanaojulikana dunia nzima: 443 ni ya tovuti zenye usalama, 53 ni ya kuuliza majina ya tovuti, 5060 ni ya simu.

(Kwa Kiingereza neno hilohilo lina maana ya bandari, na watu wa Nachingwea wana historia na bandari. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, uliwaletea reli hadi hapa, na kule Mtwara ikajengwa bandari ya kina kirefu. Mradi ukafutwa 1951 na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ilikuwepo, bandari ilikuwepo, mzigo ndio haukuwepo. Shida yetu ilikuwa kinyume chake.)

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui: simu ya intaneti siyo kitu kimoja. Ni mazungumzo mawili yanayokwenda sambamba, kila moja kwenye poti zake.

La kwanza ni la kupanga. Linatumia itifaki inayoitwa SIP, ambayo toleo linalotumika leo lilichapishwa mwaka 2002, na mlango wake wa kawaida ndio huo 5060. SIP inasema: "201, unaitwa na 101. Upo? Haya, pokea. Haya, tumemaliza." Haibebi sauti hata kidogo.

La pili ni la sauti yenyewe. Hilo linabebwa na RTP, ya tangu 1996, na halina mlango mmoja maalumu. Kila simu inapoanza, kila upande unachagua poti kutoka kwenye fungu lake na kumtangazia mwenzake. Tangazo hilo linasafiri ndani ya ujumbe wa SIP, likiwa na mistari kama hii:

c=IN IP4 192.168.8.100
m=audio 14382 RTP/AVP 8 0 18

Tafsiri yake ni rahisi: "Nitumie sauti kwenye nyumba 192.168.8.100, mlango 14382. Naelewa kodeki namba 8, 0 na 18." Hizo namba za mwisho nitazirudia.

Umeona tatizo? Kama hujaliona usijali, mimi lilinichukua siku nzima na sahani mbili za chipsi. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu. Mamilioni ya ruta duniani zinatumia anwani hizohizo. Ni sawa na kumwandikia mtu wa Mwanza, "njoo kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwenye mwembe." Mwembe upi?

Mlinzi wa geti

Anwani za IP za aina ya zamani, zile za toleo la nne, ni kama bilioni 4.3 tu, na hazitoshi. Ndiyo maana ruta yako inawafanya watu wote wa nyumbani watumie anwani moja ya nje, na kampuni za simu nazo huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ufundi huo unaitwa NAT. Mfikirie kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Pakiti inapotoka, anaandika: huyu ametoka chumba fulani, nimemtolea mlango fulani wa nje. Jibu likirudi kwenye mlango huohuo, anaangalia daftari na kulipeleka ndani. Pakiti isiyo kwenye daftari anaitupa, hana mjadala.

Mlinzi huyu anabadilisha anwani iliyo juu ya bahasha. Barua iliyo ndani haifungui. Na tangazo la "nitumie sauti hapa" liko ndani ya barua.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Sauti ya ghala ilitoka Ruangwa na kuja kwenye anwani ya wazi ya duka, ambayo nilikuwa nimeiandika vizuri kwenye seva. Ikafika. Seva nayo ikachukua sauti ya dukani na kuituma kwa 192.168.8.100 kama ilivyoelekezwa, yaani ikaituma kusikojulikana. Pakiti 50 kila sekunde, zote zinapotea, na seva haina habari.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja kwenye usanidi: rtp_symmetric=yes. Maana yake: achana na anwani iliyoandikwa ndani ya barua, angalia bahasha imetokea wapi, jibu hapohapo. Mlinzi wa Ruangwa anaona jibu limerudi kwenye mlango alioufungua mwenyewe, analiruhusu. Mtunza ghala, mzee mmoja mpole sana, akaniambia kwa sauti ya juu kana kwamba bado mtandao ni mbovu: "MWANANGU, SASA NAKUSIKIA!"

Nilidhani nimemaliza. Jioni wakanipigia: ghala likipiga simu dukani, mnaongea vizuri, halafu inakata yenyewe. Nikauliza, baada ya muda gani? "Kama nusu dakika hivi." Nikashika saa. Sekunde 32. Tukarudia. Sekunde 32.

Namba inayojirudia hivyo siyo ubovu wa mnara. Mnara ukizingua unazingua ovyo ovyo. SIP ina utaratibu wa kuthibitisha: anayepigiwa akipokea, mpigaji lazima arudishe neno la "nimepata". Neno hilo lisipofika, aliyepokea anarudiarudia tangazo lake, na baada ya mara 64 ya nusu sekunde, yaani sekunde 32, anakata tamaa. Neno la "nimepata" kutoka ghalani lilikuwa linapotea. Kwa nini? Kwa sababu Asterisk ina sehemu mbili tofauti za kuandika anwani ya nje, moja ya sauti na moja ya maneno ya kupanga. Mimi nilijaza ya kwanza nikaisahau ya pili, na simu ya ghala ikawa inapeleka "nimepata" yake kwenye anwani ya ndani ya duka. Uzembe wangu, hakuna wa kulaumiwa.

La tatu lilikuwa dogo. Ghala likikaa kimya bila kupiga, ukiipigia 201 haiiti. Daftari la mlinzi lina muda: kwenye ruta nyingi maandishi ya pakiti za UDP hufutwa baada ya kimya cha sekunde 30 hivi. Simu ya ghala ikasetiwa itume pakiti tupu kila sekunde 25, kama mtu anayekohoa mlangoni ili asisahauliwe.

Kwa nini UDP, ambayo haina hata risiti? TCP huhakikisha kila kipande kimefika, na kikipotea hukirudisha. Kwa hati ya malipo hiyo ni lazima. Kwa sauti ni hasara: silabi iliyochelewa sekunde mbili haina kazi tena, na ukiisubiri unachelewesha zote zilizo nyuma yake. Bora ipotee.

Wageni wa usiku

Wiki moja baadaye nikiwa chuoni nikafungua logi za seva kwa mbali. Zilikuwa zimejaa. Mtu, au tuseme programu ya mtu, ilikuwa inagonga 5060 usiku kucha ikijaribu kujisajili kama 100, 101, 102, 103, na kuendelea, na kila namba inajaribiwa nywila za kitoto. Hawakuwa wanamtafuta mama wa salfa. Hizo programu zinapita anwani zote za dunia kwa zamu, na mlango 5060 ukiwa wazi lazima zije.

Wanachotaka ni seva yenye laini ya kupiga nje. Wakipata nywila, usiku wanapiga namba za nje ya nchi zenye gharama kubwa, namba ambazo wenyewe wana mgao kwenye mapato yake. Asubuhi bili ni ya kwako. Seva yetu haikuwa na laini ya nje, lakini mama alikuwa ameshaanza kuniuliza lini ataunganishiwa.

Watu wengi hukushauri ubadilishe 5060 iwe namba nyingine. Inapunguza kelele, kweli, ila mwizi anayegonga milango yote ataufikia na huo. Nilifanya mambo mawili tofauti. Kwanza nikapunguza fungu la poti za sauti. Faili la mfano la Asterisk lina 10000 hadi 20000, poti zaidi ya elfu kumi, na mafundi wengi huzifungua zote kwenye ruta bila kuuliza. Simu kati ya namba mbili za ndani inakula poti nne pale kwenye seva: kila upande una ya sauti na jirani yake ya ripoti. Poti 10000 hadi 10100 zinatosha simu 25 kwa wakati mmoja. Mama ana simu mbili.

Pili, nikafunga kila kitu kwenye handaki la WireGuard. Ruta ya duka na ruta ya ghala zinazungumza kupitia poti moja tu ya UDP, 51820, na kila kinachopita ndani yake kimefichwa kwa ufunguo. SIP na RTP zinapita humo, kwa anwani za ndani, hakuna mlinzi wa kuzichanganya. 5060 na zile za sauti nikazifunga kwa nje. Logi zikanyamaza. Na ndiyo, kama ningeanza na handaki, siku zile nne zingekuwa moja. Lakini leo usingekuwa unasoma hii.

Uzito wa bahasha

Handaki lina gharama yake, na hapa ndipo zinaingia zile 8, 0 na 18. Kodeki ni namna ya kuigeuza sauti kuwa namba. Namba 8 na 0 ni ndugu wawili wa G.711, ya mwaka 1972: inapima sauti mara 8000 kwa sekunde, biti 8 kila kipimo, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Namba 18 ni G.729, inayobana sauti hadi kilobiti 8.

Ukisikia 64 kwa 8 unadhani unaokoa mara nane. Sivyo. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande pakiti yake. Kipande cha G.711 ni baiti 160, cha G.729 ni baiti 20. Juu yake kuna bahasha ya IP, UDP na RTP: baiti 40, hata kama ndani kuna barua ya neno moja. Kwa pakiti 50 za sekunde moja, G.711 inakuwa kilobiti 80 na G.729 inakuwa 24. Ongeza handaki na inakuwa kama 107 na 50. Kwa G.729 ndani ya handaki, kati ya baiti mia moja na ishirini na kitu za kila pakiti, sauti ni 20. Unalipia bahasha.

Unaweza kutumia vipande vya milisekunde 40 ili bahasha zipungue nusu. Ila kikipotea kimoja, umepoteza milisekunde 40 za maneno. Kodeki mpya ya Opus, ya 2012, inabadilika yenyewe kulingana na hali ya mtandao na inabeba sauti pana kuliko G.711, ambayo inaishia kwenye hezi 3400 hivi. Juu ya hapo ndipo zinakaa s, f na th, ndiyo maana kwenye simu "thamani" na "samani" ni ndugu. Kwa bahati mbaya simu za mezani tulizonunua hazikuwa na Opus. Tukabaki na G.711.

Sabini

Mwezi Julai mama alinipigia. Kumetokea tena. Mteja kalipia mifuko sabini, gari limetoka Ruangwa na mifuko saba, mkulima kapoteza siku nzima na nauli. Safari hii rekodi ipo, mama kaisikiliza mwenyewe: dada wa dukani anasema "sabini" kama mtangazaji wa redio. Kwa hiyo mzee wa ghala ni mzembe, au ana lake jambo, na mama anataka kumkata mshahara. Alikuwa ananipigia kunishukuru kwa rekodi.

Nikamwomba asubiri hadi jioni.

Rekodi inafanyika kwenye seva. Seva iko dukani, kwenye waya mmoja na simu ya dada. Kilichorekodiwa ni sauti kabla haijapanda kwenye handaki, haijafika Dar es Salaam (maana pakiti za Nachingwea kwenda Ruangwa, mwendo wa kilomita arobaini hivi angani, mara nyingi huzungukia huko ambako mitandao inakutana), haijarudi kusini, haijapita kwenye mnara wa 4G wa Ruangwa saa ambazo kila mtu yuko na simu yake. Rekodi inathibitisha alichosema dada. Haithibitishi alichosikia mzee.

Sasa tazama maneno yetu wenyewe: sita, sitini. Saba, sabini. Tofauti iko mwishoni, silabi moja ambayo mtu akiongea haraka haichukui hata robo ya sekunde. Zikipotea pakiti kumi mfululizo, ni milisekunde 200, na simu nyingi zikikosa pakiti zinajaza pengo kwa kurefusha sauti iliyotangulia kisha kuizima taratibu. Unachosikia kinaweza kuwa "sabii", imefifia mwishoni. Wala husikii mkwaruzo wa kukutia shaka. Ni neno zima, lenye maana, na siyo lililosemwa.

Ushahidi ulikuwepo, kwenye ile poti ya jirani niliyoitaja. Kila RTP ina mwenzake, RTCP, kwa kawaida kwenye namba inayofuata, na kazi yake ni ripoti: kila baada ya sekunde chache mpokeaji anamweleza mtumaji ni pakiti ngapi hazikufika. Nilikuwa nimeiseti seva izitunze. Ripoti za simu ile, kutoka upande wa ghala, zilionyesha upotevu mkubwa wa pakiti zilizokuwa zinaenda Ruangwa, wakati zile zilizotoka Ruangwa zilifika karibu zote. Nikamtumia mama picha ya skrini na maelezo ya sauti ya dakika sita, nikimwomba msamaha kwa urefu wake.

Mshahara wa mzee haukukatwa. Ruta ya ghala ikahamishwa kutoka sakafuni nyuma ya mifuko hadi juu dirishani, na upotevu ukapungua sana. Na dada sasa anataja idadi mara mbili, "sabini, saba sifuri", kisha mzee anaitaja tena yeye mwenyewe kabla simu haijakatwa. Hiyo sauti ya mzee inasafiri hadi kwenye seva, kwa hiyo safari hii kwenye rekodi kuna na alichosikia.